Picha ya Mama Nathanaeli

Nosim alifika Nkoaranga mchana, na ukungu ulikuwa bado umelala migombani utadhani siku haijaanza. Mwezi wa saba mlimani uko hivyo. Alipanda njia ya miguu inayopita kati ya mibuni, mkoba wa kamera begani, viatu vikimteleza kwenye udongo, na kila aliposimama kupumzika alijikuta anatabasamu peke yake. Mama Nathanaeli alikuwa amemwita.

Nathanaeli ndiye aliyempigia simu juzi yake.

"Mama anataka picha," alimwambia. "Kubwa, ya kuweka ukutani. Anataka umpige wewe, kwa ile lenzi yako ya zamani. Anasema hataki picha za chapchap."

"Amenitaja mimi? Kwa jina?"

"Njoo tu, Nosim."

Naye hakuuliza zaidi. Mwenye njaa akiitwa mezani haulizi nani kapika.

Katika nyumba ile jina la Nosim lilikuwa halitamkwi. Mama Nathanaeli alimwita "yule wa Olasiti", kwa mtaa anaoishi mjini Arusha, na siku akikasirika, "mke wa Lemomo". Hilo la pili ndilo lililokuwa likimchoma, kwa sababu halikuwa uongo mtupu. Nosim aliolewa na Lemomo akiwa msichana mdogo, akamvumilia mpaka siku alipompiga akamng'oa jino la mbele. Siku hiyo alitembea kwa miguu mpaka kwa baba yake na hakurudi tena. Mahakama ilimpa talaka. Lakini baba yake alipowaswaga ng'ombe wa mahari kuwarudisha, Lemomo alifunga lango la boma, akakataa kuwapokea.

"Mke wangu yuko mjini anapiga picha," aliwaambia watu. "Akichoka atarudi."

Na kwa mila ya kwao Waarusha, ng'ombe wasipopokelewa, mtoto yeyote atakayemzaa yule mwanamke ni wa Lemomo, hata baba yake awe nani.

Mwanaume mwingine angesikia hayo akatafuta njia ya kutokea. Nathanaeli hakutafuta. Walikutana Tengeru, kwenye chuo anachofundisha kilimo cha bustani, Nosim alipoitwa kupiga picha za kalenda. Siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Kamera ya Nosim ilikuwa ya kisasa, ya dijitali, lakini lenzi aliyoipenda aliinunua kwenye mitumba ya soko la Kilombero mjini, imekaa kati ya pasi na masufuria. Fundi mmoja wa mtaa wa Unga Limited alimkerezea pete ya chuma ya kuiunganisha. Lenzi ile haikuwa na mota. Kila kitu ni kwa mkono. Nosim alizungusha vidole taratibu mpaka ua la mnyanya likajitokeza wazi, upepo ukalisogeza, likapotea, akaanza upya. Mara Nathanaeli akaja, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazini, akalishika shina kwa vidole viwili. Alilishika hivyo mpaka picha ikapatikana, na Nosim alipoinua uso kutoka kwenye kamera alikuta anatazamwa yeye, si ua. Akacheka. Alicheka bila kufunika mdomo kwa mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu atoke kwa Lemomo.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anamngoja leo kwenye mlango wa kihamba, shamba la ukoo wa baba yake, amevaa koti zito, mikono mfukoni.

"Umefika," alisema.

"Nimefika. Mbona hukuja barabarani kunipokea? Nimeteleza karibu nianguke."

"Nilikuwa na Mama."

Alinyoosha mkono apokee mkoba. Vidole vyao vikagusana kwenye mkanda, naye akautoa mkono wake haraka, kama aliyeshika sufuria ya moto. Nosim alimtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, yalikuwa yanatazama kola ya sweta lake, mkoba, migomba, kila mahali isipokuwa usoni kwake. Akamhurumia. Akajiambia, mama yake anaumwa, huyu halali usingizi.

"Hali yake vipi?"

"Daktari anasema moyo umechoka. Wamemruhusu arudi nyumbani. Wametuambia tukae naye tu."

"Pole, baba." Alimwita hivyo wakiwa wawili. "Pole sana."

Nathanaeli aliinamisha kichwa. "Ingia. Anakusubiri."

"Wewe huingii?"

"Mtaongea vizuri mkiwa wenyewe."

Mama Nathanaeli alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao chenye mito, amevishwa gauni la kanisani la rangi ya zambarau na kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekuwa anapungua. Mifupa ilibaki pale pale, nyama ilikuwa imeondoka. Miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya soksi za sufu. Kila pumzi aliyoivuta iliinua mabega yake yote mawili.

"Shikamoo, mama," Nosim alisema, akipiga goti.

"Takwenya," mama yule akajibu, kwa lugha ya kwao Nosim.

Ilikuwa salamu, na ilikuwa pia namna ya kumkumbusha anakotoka. Nosim aliitikia kama inavyopasa, "Iko," akainuka.

"Kaa basi. Au hiyo kazi hufanywa kwa kusimama?"

"Naomba kwanza nifungue dirisha, mama. Nahitaji mwanga wa pembeni."

"Fungua. Baridi haitaniua kabla ya hiki kifua."

Nosim alisukuma dirisha la mbao. Mwanga wa ukungu ukaingia, mweupe, hauna kivuli kikali, ukamlalia mama yule upande mmoja wa uso. Nosim alitoa kamera, akaifunga lenzi, akaizungusha mpaka ikakaza. Alisimama karibu, akachungulia, akaanza kuzungusha pete. Uso ukaja kutoka kwenye ukungu wa kioo: kwanza kitambaa, kisha nyusi, kisha jicho. Kabla hajabonyeza, mama akavuta pumzi, mwili ukasogea mbele, na jicho likafifia. Akalifuata kwa vidole. Mama akatoa pumzi, jicho likapotea tena upande wa pili.

"Mbona hubonyezi?"

"Bado, mama. Unasogea kidogo ukipumua."

"Siwezi kuacha kupumua kwa ajili ya picha. Hilo nitalifanya hivi karibuni bila kuombwa." Alikohoa. "Kamera za siku hizi si zinajilenga zenyewe?"

"Zinajilenga. Hii lenzi ndiyo haiwezi. Ni ya zamani kuliko mimi."

"Sasa unajitesea nini?"

"Mashine hushika kilicho karibu, mama. Inaweza kushika pua, au kifungo cha gauni. Mimi nataka jicho."

"Jicho lipi?"

"Hilo la upande wa dirisha."

Mama Nathanaeli alitazama ndani ya lenzi, na Nosim, akiwa amejificha nyuma ya kamera, kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri mwanamke aliyemkataa. Aliona jinsi Nathanaeli alivyochukua macho yake kwa huyu. Yale yale, marefu kidogo, yenye huzuni hata yakicheka. Akamwonea huruma iliyokaribia kuwa upendo. Akawaza, labda leo. Labda amekaribia kwenda, amelainika, anataka kunibariki.

"Nosim," mama akasema.

Ni jina lake. Vidole vikaacha kuzungusha pete.

"Naam, mama."

"Una kazi nzuri. Nimeona picha ulizompiga Nathanaeli pale chuoni. Anaonekana mtu." Pumzi. "Nilizaa watoto wanne. Watatu wako pale chini ya mparachichi, nimewazika mimi mwenyewe na baba yao. Nimebaki na huyu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mtoto wa huyu ndiye atakayekaa kwenye kihamba hiki. Hakuna mwingine. Sasa niambie wewe, ukimzalia Nathanaeli mtoto wa kiume, Lemomo akaja na wazee wake wakasimama hapo uani, wakasema huyu ni wa kwetu, nani atawajibu?"

"Sheria itawajibu, mama. Nina talaka."

"Sheria iko mjini. Mtoto atakuwa hapa anachezea uani."

Swali hilo Nosim alikuwa akijiuliza mwenyewe, kitandani kwake Olasiti, miezi mingi.

"Baba yangu hajachoka," alisema. "Atarudi tena kwa Lemomo, safari hii na wazee wa kanisa. Mimi na Nathanaeli tumekubaliana tutasubiri. Hata iwe miaka."

"Mmekubaliana lini?"

"Mwezi wa tano. Alikuja nyumbani, alikaa na baba yangu, wakala pamoja."

Mama Nathanaeli alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na kitu ambacho Nosim hakukitegemea, na kitu hicho kilikuwa aibu.

"Mwezi wa tano," alirudia taratibu. "Ondoa hicho kitu usoni, mwanangu. Nikuone."

Nosim aliishusha kamera.

"Mimi sikukuita."

"Nathanaeli alisema..."

"Najua alichosema. Mimi sikutaka picha. Yeye ndiye aliyetaka uje, mimi nikwambie yaliyomshinda kusema." Mabega yakainuka, yakashuka. "Nathanaeli anamuoa Lydia, binti wa Ndesanjo, hapo ng'ambo ya mto. Tangazo la kwanza litasomwa kanisani Jumapili hii. Amekubali tangu kabla ya Pasaka."

Ukungu ulikuwa unaingia dirishani taratibu. Nosim alisikia kuku wakiparura nje. Aliwaza, kabla ya Pasaka. Akaanza kuhesabu kichwani yaliyotokea baada ya Pasaka: ile jioni ya mvua Nathanaeli alipomletea parachichi ndani ya kofia, ile siku aliyompapasa pengo la jino kwa kidole gumba akamwambia asiweke la bandia, kwamba hapo ndipo anapompendea, baba yake akimkatia Nathanaeli nyama ya mbavu kwa mkono wake, akimwita mwanangu. Yote yalikuwa baada ya Pasaka.

"Amekubali mwenyewe?" Sauti ilitoka ndogo. "Au mmemlazimisha?"

"Nimemlilia. Baba zake wadogo wamemkalisha chini. Lakini hakuna aliyemfunga kamba. Alisema ndiyo, kwa mdomo wake, mbele ya mchungaji."

"Na mimi je?"

"Nilimwambia aende Olasiti akwambie. Nilimwambia, mwanaume hamwachi mwanamke kwa mdomo wa mama yake. Alipiga magoti hapo ulipo, akalia kama mtoto. Basi nikamwambia mlete." Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Sitakudanganya, maana mimi ni mtu wa kuzikwa. Sikukutaka. Hata leo sikutaki kwa mwanangu. Lakini hili alilokufanyia sikumfundisha mimi."

Nosim alisimama pale na kamera mkononi, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Hakuyafuta. Mwenye nyumba wake aliwahi kumwambia kwamba maumivu ya moyo yanafanana na kuungua, huanza kuuma baadaye. Haikuwa kweli. Yalianza pale pale.

Aligeuka, akaanza kuifungua lenzi.

"Unakwenda wapi?"

"Naondoka, mama. Umeshanieleza."

"Na picha?"

"Umesema hukutaka picha."

"Sasa naitaka." Mama Nathanaeli aliweka mikono yake miwili juu ya magoti, akajikaza mgongo ukanyooka. "Wakinizika wataweka mbele ya jeneza ile picha ya kitambulisho. Nimeiona. Naonekana mwizi wa kuku." Mdomo wake ukasogea kidogo, karibu acheke, pumzi ikamkatiza. "Nipige, Nosim. Kama unaweza. Kama huwezi, nenda, sitakulaumu."

Nje Nathanaeli alipita, kivuli chake kikakata mwanga, kikaenda zake. Ndipo Nosim akairudisha lenzi mahali pake, ikakaza, akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Tazama hapa, mama. Pumua kama kawaida. Usiizuie."

Aliacha kukimbizana na pumzi. Alisubiri. Aliona kwamba kila mama alipoitoa pumzi mpaka mwisho, kabla ya kuanza kuitafuta nyingine, palikuwa na nukta moja mwili wote unatulia, umechoka, haudai kitu. Aliilenga lenzi hapo, akaishika kwa vidole isihame, akangoja. Pumzi ikaingia. Ikatoka. Jicho la mama Nathanaeli likaja lenyewe mpaka kwenye ile sehemu, wazi, kila mkunjo na kila unyevu, likamtazama Nosim moja kwa moja. Akabonyeza.

Akamletea kamera aone kwenye kioo. Mama alitazama kwa muda.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Naonekana mtu aliyemwonea mtu."

Nosim alipanga vifaa vyake mkobani, akapiga goti, akasema, "Mungu akupunguzie maumivu, mama." Mkono mkavu ukamshika wake, ukaubana, ukauachia.

Nathanaeli alikuwa uani karibu na bomba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomwona alisimama. Walitazamana, na safari hii hakuweza kukwepesha macho.

"Amekwambia," alisema.

"Ameniambia."

"Nosim, naomba unisikilize..."

"Mwezi wa tano ulikula kwa baba yangu."

"Najua."

"Alikukatia mbavu, Nathanaeli. Mzee wa watu alikukatia mbavu kwa mkono wake, na wewe umeshamchumbia mwingine. Ulimeza vipi?"

Alijifuta uso kwa mikono yote miwili. "Sikujua nifanye nini. Kila siku nilikuwa nakuja Olasiti nikwambie. Nafika mlangoni, unafungua, unacheka. Nashindwa. Nikaona afadhali usikie kwa mtu unayemheshimu."

"Niliyekuwa namheshimu ni wewe."

Alilia. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima wa miraba minne, mabega yakimtikisika, na Nosim alisimama akimtazama, akashangaa kuona kwamba mikono yake bado ilitaka kwenda kumshika. Aliifunga kwenye mkanda wa mkoba.

"Unampenda Lydia?"

"Simjui Lydia! Nimemwona kwenye kwaya, basi. Nakupenda wewe. Ninakuapia kwa huyu Mungu. Mama akishakwenda..."

"Malizia. Mama akishakwenda, nini? Unakuja kwangu jioni, unarudi kwa Lydia usiku? Wewe na Lemomo mtakuwa na tofauti gani kwangu? Wote mnataka nisubiri."

"Usinifananishe na yule."

"Yule alinipiga mchana, watu wakiona."

Neno lile lilimpata. Alisogea nyuma hatua moja, akashika nguzo ya baraza. Mvua nyembamba ya mlimani ilikuwa imeanza, ile isiyosikika mpaka inakulowesha.

"Sijamuoa bado," alisema ghafla. "Nosim. Tangazo halijasomwa. Ninaweza kuingia sasa hivi nikamwambia Mama hapana. Nikaenda kwa Mchungaji leo leo. Lemomo tutapambana naye, hata kama watoto watakuja kudaiwa, tutapambana. Niambie tu kama bado unanitaka."

Alikuwa amemshika mikono. Alikuwa na macho yale ya siku ya mnyanya, na Nosim, licha ya yote aliyoyasikia, alihisi moyo unainuka. Ndivyo mapenzi yalivyo mabaya; yanakwenda kwenye sauti kabla hujayapa ruhusa.

"Nakutaka," alisema. "Nenda kamwambie. Mimi nasimama hapa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Ukitoka nje umeshasema, nitarudi na wewe ndani, nitampigia magoti mama yako, nitamuosha miguu na kumpikia mpaka siku yake. Nenda."

Nathanaeli alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. Alivua viatu vyake vyenye tope, akavipanga kandokando ya mlango. Akaingia.

Nosim alisogea chini ya paa kujikinga na mvua, karibu na dirisha ambalo hakuna aliyelifunga. Hakutaka kuchungulia. Aliegemea ukuta, mkoba ameukumbatia kifuani, akasikiliza. Alisikia mbao za sakafu zikilia chini ya miguu ya Nathanaeli. Alisikia kiti kikivutwa. Kisha kimya, na ndani ya kimya kile, zile pumzi nzito zikipanda na kushuka.

"Mama," Nathanaeli akaita.

"Naam, mwanangu."

Nosim alifumba macho. Aliomba. Hakujua aliomba nini, maneno yaliisha, alisema tu Bwana, Bwana.

Pumzi ikaingia, ikatoka. Nyingine ikaingia, ikatoka.

"Mama, uji umepoa," Nathanaeli alisema. "Nikupashie?"

"Nipashie, baba."

Sakafu ikalia tena, miguu ikielekea mlango wa nyuma, upande wa jikoni. Kikombe kikagonga kitu. Nosim alisimama pale mpaka aliposikia kuni zikivunjwa, akavuta zipu ya mkoba mvua isiingie, akaupachika begani, akashuka kuelekea barabarani.